Mama, Kitanda Chako Tumekirudisha

Mpendwa Mama,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Wageni wa matanga wameondoka, viti vya kanisa vimerudishwa Karurumo, na ng'ombe wako amekataa kabisa kukamuliwa na mkono wangu. Igoki, binti yako na mke wangu, amelala kwenye kochi na viatu vya safari miguuni. Mtoto wetu amelala juu yake. Mimi nimetoka nje nikuandikie.

Unakumbuka siku kile kifurushi kilipofika? Igoki alikuwa Uingereza kwa kazi ya uuguzi, barua zake zikikawia njiani mpaka habari zinachacha. Kupiga simu kulikuwa ni kupanga foleni Embu mjini halafu laini ikatike ukiwa katikati ya neno. Akampa mwenzake aliyekuwa anakuja nyumbani atuletee kompyuta ndogo iliyotumika, simu ya mkononi nene kama kipande cha sabuni, na modemu, kidude cha kuunganisha hivyo viwili ili imeli ipite hewani. Mimi mwalimu nikasoma maagizo yake mpaka macho yakaniuma. Kwangu bondeni simu haikushika kitu. Tukaja kwako juu, tukajaribu sebuleni, jikoni, zizini, hata katikati ya kahawa. Kimya. Mwishowe ukaichukua mwenyewe, ukaingia nayo chumbani, ukaiweka kwenye dirisha linalotazama upande wa Embu.

"Mwalimu!" ukapiga kelele. "Imeleta mistari mbili!"

Boma lote hilo, na netiwaki ikachagua chumba cha kulala cha mama mkwe.

Hakuna aliyehitaji kunikumbusha. Mkwe haingii humo hata akifukuzwa na chui. Na nje ya dirisha ardhi inashuka ghafla hadi kwenye kahawa, tena waya wa modemu ulikuwa mfupi kama mkia wa mbuzi. Basi tukafanya tulivyoweza. Wewe ndani, kompyuta juu ya kitanda, betri ya gari sakafuni, mtoto mgongoni. Mimi nje kwenye mtaro wa shamba, kichwa chini ya dirisha, nikikutajia herufi moja moja. Kusoma ulijifunza ngumbaru, utu uzima, ili uweze kuisoma Biblia yako.

"Hiyo M ni ile iko na vilima viwili?"

"Ndiyo, Mama."

"Nimefinya. Imekuja tatu."

Mwanzoni tulicheka sana. Baadaye ikawa kazi kama kazi nyingine. Betri ipelekwe Karurumo kuchajiwa, wingu likishuka netiwaki ipotee, sentensi tatu zimalize alasiri nzima. Halafu nikaona shida ambayo maagizo hayakuitaja. Mtu atamwambia nini mkewe kupitia vidole vya mama yake? Nikakutajia kwamba ng'ombe amezaa. Mtoto ameota meno. Mvua imechelewa. Tukimaliza nilishuka bondeni na yale niliyotaka kusema yakiwa bado kifuani.

Jumamosi moja ulikuwa unanisomea jibu lake, polepole, kidole kwenye kioo. Aliandika kwamba siku hizi barua zangu ni kama za karani wa chama cha kahawa. Kwamba wamemwomba abaki kwa mkataba mwingine. "Niambie kama bado..." ukasoma. Nikasikia kompyuta ikifungwa.

"Mwalimu, hapa kuna maneno yako," ukasema. "Mimi siwezi soma hii, na wewe hauwezi niambia jibu."

Nikasema basi tuiache. Niliogopa, Mama. Nilijua nisipojibu nimempoteza, na jibu halikuwa na njia ya kupita.

Niliporudi juma lililofuata, nilikuta kitanda chako kimehamia jikoni, kando ya mafiga, godoro na blanketi na vyote. Chumbani kulikuwa na magunia ya maharagwe, majembe, meza na kiti kimoja. Ulisimama mlangoni umefunga kitambaa kichwani kama unakwenda kanisani.

"Hii sasa ni stoo," ukasema. "Stoo ni ya kila mtu. Ingia."

"Mama, jikoni kuna moshi."

"Nilizaliwa kwa moshi. Ingia, chaji inaisha."

Nikaingia. Wewe ukakaa uani kuchambua maharagwe, ukaimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa kuliko kawaida ili nijue husikilizi, utadhani vidole vyangu vilikuwa vinapiga mayowe. Nilimwandikia Igoki kwamba bado nalala upande wangu tu wa kitanda. Kwamba nampenda, na sitaki mkataba mwingine, nataka mke wangu. Netiwaki ikakatika, nikarudia, ikakatika, nikarudia. Jibu lake lilipokuja lilikuwa fupi: Desemba nakuja kukaa. Nilipokuambia ulisema tu, "Sasa umejua kuandika."

Nilikusihi urudishe kitanda. Ukakataa. "Mpaka afike. Atataka jibu kila wiki huyo." Kisha baridi ya Julai ikaja na manyunyu yake, na kikohozi kikakushika kisikuachie. Daktari alisema ni mapafu na umri, si moshi peke yake. Sijui. Nimechoka kulifikiria na bado nalifikiria.

Uliponyamaza, niliingia tena stoo nikamwandikia kwamba mama yake hayupo. Siku hiyo netiwaki haikukatika hata mara moja. Nilitamani ikatike.

Sasa amekuja, na amesema harudi tena Uingereza. Nilimtaka sana aje nyumbani, Mama, lakini nilitaka umfungulie lango wewe.

Leo asubuhi tulikibeba kitanda chako kutoka jikoni, kikinuka moshi. Tulipofika mlangoni miguu yangu ikakataa.

"Ingia tu," Igoki akasema. "Si umekuwa ukiingia humu siku hizi zote?"

"Hiyo ilikuwa stoo," nikamjibu.

Alinitazama, akashika upande wake, akavuta. Mimi nikasukuma nikiwa nje ya kizingiti. Akakitandika peke yake na blanketi lako.

Nakuandikia nikiwa kwenye mtaro, chini ya dirisha, pale pangu pa zamani, karatasi juu ya goti. Ndani hakuna anayeniuliza M ni ipi. Ahsante kwa chumba, Mama. Sasa ni chako tena. Lala, mimi siingii.

Mkweo,
hapa nje