Gari Linaloangalia Bondeni

Baba Gitahi,

Umekaa sana. Hata mgeni wa siku moja huaga, akasema ninakwenda na nitapita tena mkianza kuchuma kahawa. Wewe tangu mvua za vuli zianze hujaonekana hata kwa ndoto, na mimi kila asubuhi naamka nikiangalia mabati kama mtu aliyesahauliwa sokoni. Hiyo si tabia yako. Ukiwa hai ulichelewa, lakini ulikuja. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia kabla sijakasirika zaidi ya hapa.

Usishangae kuona Kiswahili. Unajua mimi shule niliiona kwa nje nikipita na kuni. Anayeandika ni Halima, mke wa mjukuu wetu Muriithi, msichana wa Nanyuki ambaye baba yake anauza mbuzi. Hukumkuta, walioana baada yako. Kikuyu chake bado ni cha kuombea chumvi tu, kwa hivyo tunakutana kwa Kiswahili, na mimi nikiongea kombo yeye ananyoosha. Nimemwambia anyooshe maneno lakini hasira aiache ilivyo. Ni mtoto mzuri. Ugali wake ni mwororo kama uji, lakini ni mtoto mzuri. Hilo pia nimemwambia aandike, na ameandika akicheka.

Sasa nisikilize. Nadhani najua kwa nini huji. Ni kwa sababu ya gari. Tumelitoa injini.

Basi, nimesema. Usisimame kwanza, nitakueleza yote.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiishi. Ukitoka kazini nilikusikia ukiwa mbali, ukishaiacha Gakindu na kuanza kuja huku kwetu. Injini ile haikuficha kitu. Ilikohoa pale darajani, ikalia mlima wote, na ukifika kona ya kiwanda cha kahawa unapiga honi, ile honi yenye sauti ya beberu mwenye mafua, ili watoto watoke barabarani. Mimi hapo nimeshaweka sufuria. Ukizima gari, chai inachemka. Majirani walidhani nina saa kichwani. Nilikuwa na wewe tu.

Hata ulipokufa ulikuja hivyo hivyo. Kwa ndoto sikuanza kwa kukuona, nilianza kwa kuisikia injini darajani. Naweka sufuria, unaingia, unakunywa, hatusemi mengi. Asubuhi naamka nimechangamka, naenda zangu shambani. Tangu Muriithi aitoe injini, hakuna. Kimya. Nikajiambia, huyu mzee anatafuta sauti yake na haipati. Atakuwa amesimama huko chini kwenye giza la daraja, hajui nyumba ni ipi.

Hilo ndilo linanila, Baba Gitahi. Sio gari.

Gari lenyewe unajua nililichukia. Ulitoka hapa na fahali wetu kwenda kumuuza Nanyuki ili tuezeke nyumba, ukarudi na gari jekundu la mzungu aliyekuwa akihama Naro Moru. Gari la mashindano, ukasema, milango miwili na paa la turubai. Viti viwili, na sisi tuna watoto watatu. Nikakuuliza watoto utawaweka wapi. Ukasema, "Watapeana zamu." Mvua ile yote nyumba ilivuja na gari likavuja, hatukuwa na mahali pa kukimbilia. Nikaliita mke mwenza. Nikamwambia mama yako, mwanao ameoa tena na huyu hata kulima hajui.

Na lilikuwa gonjwa. Sijaona kitu kizuri hivyo kikiugua hivyo. Lilichemka kila mlima. Tukitoka Nairobi tulisimama Kenol lipoe, tukasimama Sagana lipoe, mtungi wa maji uko mapajani mwangu kama mtoto. Ulinifundisha kwamba kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa moto. Ulinifundisha kwa kukifungua wewe mwenyewe, na alama ikakaa mkononi mwako mpaka tukakuzika nayo. Klachi ilikufa Karatina siku ya soko, ukaliendesha bila klachi mpaka nyumbani, unaingiza gia kwa kusikiliza tu, na mimi nimefunga macho. Kutu ikala sakafu upande wangu nikawa naona barabara ikipita kati ya miguu yangu. Ukapigilia kipande cha bati. Bati la nyumba yangu.

Stata nayo haikupenda baridi, na hapa kwetu baridi ipo. Kwa hivyo hukuwahi kuliegesha ila likiangalia bondeni, ili asubuhi lisukumwe kidogo, liteleze, lishike lenyewe. Hata kanisani. Mchungaji alitaka magari yote yaelekee lango, lako likaelekea kwa mashamba ya watu. Ukamwambia, "Mchungaji, hili langu linaomba likiangalia chini."

Na ile pampu ya petroli. Halima ameniuliza kama nitasema ya kiatu. Nitasema.

Siku niliposhikwa na uchungu wa Wangui, kitinda mimba wetu, tulifika karibu na mji wa Nyeri gari likanyamaza. Nilijua ni pampu. Ikiwa nzima ilikuwa inagonga tik tik tik huko nyuma karibu na gurudumu, na ikikwama ilitaka kupigwa. Wewe ambaye ulijua kila msumari wa gari hilo, siku hiyo ulikimbia huku na huku ukifungua mbele, ukifunga, ukitafuta nyundo ambayo uliiacha nyumbani. Nikavua kiatu nikakupa. Nikakuambia, "Piga pampu, ama mtoto wako atazaliwa kwa hiki kiti chako cha ngozi." Hujawahi kupiga kitu kwa bidii hivyo. Tik tik tik. Niliingia hospitalini mguu mmoja uko peku, manesi wakadhani nimetoroka mahali. Kiatu kile hukunirudishia. Ukakiweka chini ya kiti chako, ukasema ni spana. Hicho kingine nikakitupa. Ningekivaa na nini?

Nilianza kulipenda siku hiyo, lakini sikukuambia. Ungelinunulia mwenzake.

Halafu ukaugua wewe. Ukawa wewe ndiye unakohoa mlimani. Kutoka kitandani hadi mlangoni unasimama upoe. Ulikuwa unaniuliza kila jioni, "Limeangalia wapi?" Nakuambia, "Bondeni." Unafumba macho. Siku ya mwisho hukuweza kutoa sauti, lakini nilikuona midomo, nikajua unauliza nini. Nikakuambia, "Bondeni, Baba Gitahi. Limeangalia bondeni." Ukalala. Neno langu la mwisho kwako ni hilo, na ningeambiwa nichague lingine nisingeweza.

Tulipomaliza matanga gari lilikaa. Kuku wakataga ndani. Mwanetu Gitahi akaja kutoka Murang'a amevaa viatu vyake vya ofisini, akalizunguka, akasema, "Mama, si tuwape watu wa vyuma chakavu, linachukua nafasi." Nikamwambia hata yeye anachukua nafasi na sijampa mtu. Akanywa chai akaenda.

Muriithi ndiye aliyelishika. Sasa ni fundi huko Kenol, ana mikono yako, nyeusi haioshiki. Unajua tangu anyonye namwita mume wangu, kama kila shosho anavyomwita mjukuu aliyebeba jina la mzee wake. Alikuja kila Jumapili. Panya walikuwa wamekula waya, akavuta mpya. Breki zilikuwa zimeshikana na kutu, akazifungua. Petroli ya zamani ilikuwa imeganda kwenye kabureta kama gundi, akaiosha kwa mswaki. Siku liliposhika, Baba Gitahi, nilikuwa shambani, na miguu yangu ilianza kukimbia kabla sijaiambia. Nilifika nikiwa na jembe bado mkononi. Moshi ulikuwa mweupe kama wa majani mabichi, lakini mimi niliona furaha tu.

Muriithi ndiye hakufurahi. Aliangalia ule moshi. Akafungua kifuniko cha oili akanionyesha. Ndani ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili. Akabadilisha gasketi, akarudisha, likaunguruma majuma machache, maji yakaanza kupungua tena bila kuonekana yanakokwenda. Akaishusha injini yote, akaiosha, akapitisha kidole pembeni, akaniita nipitishe changu. Kuna ufa. Mwembamba kama unywele, lakini kidole kinajua.

"Shosho," akasema, "hii imepasuka bloku. Nikiichomelea hapa, itapasuka pale. Wacha niiwekee ingine."

Nikakataa. Nikakataa miezi. Nikasema heri likae kimya likiwa lenyewe kuliko liimbe kwa mdomo wa mwingine. Siku moja akachoka na mimi. Hakupiga kelele, unajua hajui. Aliweka spana chini, akasema, "Shosho, mimi niko na jina la guka, la babu. Mwili si wake. Sauti si yake. Hata ndevu sina. Na bado unaniita mume wako. Sasa hii gari unaikatalia nini?"

Nilimwambia afunge mdomo. Nikaenda jikoni nikakaa mbele ya sinia la maharagwe, sikuchambua hata moja. Kisha nikatoka nikamwambia aendelee.

Akapata injini ya gari dogo lililogongwa nyuma, safi, hainuki chochote. Akaifunika turubai juu ya matairi. Na kabla hajaiweka, ndipo nikatambua kwamba tangu ile ya zamani itoke wewe huji. Nikamwambia, "Simamisha." Hakuuliza kwa nini. Jumapili anakuja, anapaka grisi mahali palipokwisha pakwa, ananitazama, anakula, anarudi Kenol. Halima ndiye aliniuliza, tukiwa tunamenya viazi. Nilimwambia yote, ya daraja na ya sufuria. Hakunicheka. Alisema kwao pia wafu wanapenda kusikia nyumba yao.

Sasa fikia hapa, hapa ndipo nilipokuwa nataka kufika.

Jumapili iliyopita Muriithi alikuwa anajaribu waya, aone kama panya wamerudi. Mimi niko jikoni, mgongo uko mlangoni, nawaza mambo ya kuku. Akabonyeza honi.

Sikuona chochote, Baba Gitahi. Sikukuona. Lakini nilipojitazama nilikuwa nimeshika sufuria, maji yako ndani, iko motoni, na majani ya chai yako kwenye kiganja changu. Mikono ilifanya yenyewe. Nikasimama hapo nikiitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine. Halima akaingia akaniuliza, "Shosho, kuna mgeni?"

Nikamwambia, "Yupo."

Chai tukainywa sisi watatu na kikombe chako nikakimimina, kikapoa. Nikamwita Muriithi nikamwambia, mume wangu, weka hiyo injini.

Kesho Jumamosi ndiyo wanaiweka. Kabla oili haijaingia nitamwaga kidogo chini, kama baba yako alivyokuwa akiwamwagia wazee pombe ya muratina. Akina mama wa kanisa wakiona nitasema mkono ulitetemeka, nina umri wa kutetemeka. Halima ameacha kuandika ananitazama. Andika, mwanangu. Ile ya zamani haiendi kwa vyuma chakavu. Itakaa barazani na ufa wake, nitakuwa nategemeza mgongo nikimenya mahindi. Tumezeeka pamoja, haiwezi kunikataa.

Na haya nakuahidi. Gari halitauzwa nikiwa na jino hata moja la kusema hapana. Muriithi anasema pampu ya sasa haipigwi, kiatu hakina kazi tena. Nimemwambia kiatu si cha pampu, kikae chini ya kiti pale kilipo. Anasema pia stata hii inashika asubuhi yoyote, mtu anaweza kuegesha anavyotaka. Wengine wataegesha wanavyotaka. Letu litaangalia bondeni.

Pumzika, Baba Gitahi. Sijakasirika tena, au nimekasirika kidogo tu.

Lakini ukija, sikiliza vizuri, kwa sababu wewe maagizo husikia nusu. Hii injini mpya haina kelele. Itapita daraja na kupanda mlima wote na mimi sitajua. Usije ukaingia kimya kimya ukanikuta sijaweka chai, halafu ukageuka ukaenda. Ukifika kona ya kiwanda, hata kama hakuna mtoto barabarani, piga honi.