Amana ya Baba Iliyosahau Nyumba

Noreen, ndiyo tumetoka kwa wakili. Nipo garini, nacheka huku nalia.

Unakumbuka baba na amana yake ya familia, mali iwekwe humo ili tuirithi bila kwenda mahakamani? Kila Sikukuu ya Shukrani, kisu kikiwa kwenye bata mzinga: "Wanangu hawatakanyaga mahakama ya mirathi!"

Basi amana ipo. Ameingiza boti, trekta la kukatia nyasi, hata jiko la kuchomea nyama.

Nyumba hakuingiza.

NYUMBA, Noreen! Hati bado ina jina lake mwenyewe, si la amana!

Kaka Garrett, ambaye alishapata mnunuzi kabla maua ya kaburini hayajanyauka, akamrukia wakili: "Bi. Pruitt, unatania!"

"Sitanii. Nilimkumbusha mara ngapi! Akasema atasaini akirudi kutoka kuvua samaki."

"Kwa hiyo siuzi?"

"Huuzi mpaka mahakama ya mirathi iruhusu. Huenda ikachukua mwaka."

Garrett akanigeukia. "Na wewe unachekea nini?"

"Namcheka baba."

Kweli nilikuwa namcheka. Lakini Noreen, nilishafunga vyombo vyote kwenye maboksi, nikijua Jumamosi nahama nyumba niliyomuuguzia.

Sasa nakwenda kuvifungua. Nitaanza na kikombe cha baba.