Safari Aliyoipanga Kaka Fausti

Delhi,
Jumapili alasiri

Dada yangu Veronika,

Shikamoo. Mama amekaa hapa pembeni yangu, na amesema nikusalimie kabla kalamu haijaandika neno lingine lolote. Mnaendeleaje hapo Maretadu? Shemeji mguu wake umepona? Mvua imeshuka, au bado mnatazama mawingu yanapita kwenda kwa wengine? Ulisema kwenye simu kwamba maharage umeshapanda, kisha sauti ikakatika. Najua mpaka upande kile kilima ndipo mtandao ushike, ndiyo maana nimeona niandike. Barua hii anakuja nayo mwanafunzi mwenzangu wa Babati. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiiraqw chetu hakuna aliyetufundisha kukiandika.

Naanza na lile unalolisubiri. Mama anaona.

Bandeji ilitolewa Jumanne ya wiki iliyopita. Daktari wake, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya upole, alimwambia afumbue taratibu. Mama akafumbua, akatulia, machozi yakamtoka, muuguzi akayafuta. Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Basilisa, una uso wa baba yako. Sikujua." Kumbuka aliponiona mara ya mwisho nilikuwa bado naenda shule na kaptula ndani ya sketi. Kisha akamgeukia kaka yetu Fausti, aliyekuwa amesimama na kamera yake tayari. Akamkagua kichwa. Akamuuliza, "Nani amekupaka masizi?"

Dada, nilicheka mpaka muuguzi akanitoa nje. Unajua kaka anavyozipaka mvi zake ile dawa nyeusi. Watu wote wa Dongobesh wanaona na wananyamaza, kwa sababu ndiye anayenunua vitunguu swaumu vyao. Ilibidi aje mtu aliyekaa miaka minane gizani ndiye amwambie.

Zaidi ya hapo sina jema la kukuandikia juu yake, na sitajaribu.

Nasikia aliwapigia simu akawaambia jicho lililotibiwa ni la kushoto. Ni la kulia. Alikaa siku zote zile hospitalini na hajui ni jicho gani. Siku ya kwanza daktari alipomaliza kumpima mama aliniuliza, "Huu ni mtoto wa jicho uliokomaa tu. Kwenu hawautoi?" Nikamjibu kwamba wanautoa, kule Moshi wanautoa kila siku. Daktari akamtazama kaka, akarudi kwenye karatasi zake. Tulipotoka nje nikamuuliza kaka kwa nini hakumpeleka mama Moshi. Akasema, "Moshi kila mtu anakwenda."

Ndivyo alivyosema, sijaongeza. Mimi nami nina kosa langu. Aliponiarifu kwamba anamleta mama India nilifurahi kwa kuwa ningemwona, nikaacha kuuliza yale niliyopaswa kuuliza. Lakini jioni ileile ya Jumanne nilielewa kila kitu. Tumerudi chumbani kwangu, mama amelala kidogo, kaka akafungua sanduku lake. Chini ya mashati akatoa bahasha ya karatasi alizochapishiwa kwenye intaneti Arusha, kabla hata hajaomba viza. Picha za makaburi ya wafalme, majumba, mahekalu, ratiba za treni. Akazitandaza mezani kama mtu anayepanga mizigo sokoni. "Sasa," akasema, "tunatalii."

Wewe ndiye uliyemwongoza mama kwenda chooni miaka minane. Wewe ndiye uliyemwambia hapa kuna jiwe, hapa kuna tope. Na kwa huyu, macho ya mama yalikuwa ruhusa yake ya kwenda kupiga picha akazibandike dukani.

Mpango wenyewe ungeuona ungelia. Siku kumi: Delhi, Agra, Jaipur, Varanasi, Amritsar, na "milima ya Himalaya nafasi ikipatikana". Anapima ramani kwa kidole. Anaweka kidole Delhi, anaweka kingine Varanasi, ananiambia, "Hapa ni kama Dongobesh na Karatu." Nikamwambia ni kama Mbulu na Dar es Salaam. Akasema ramani za Wahindi zimekosewa. Kuna siku moja aliandika asubuhi Agra, mchana Jaipur, jioni Varanasi, na chini yake akapigia mstari: kupumzika.

Na kwa maneno yote hayo, peke yake hathubutu kwenda hata kununua maji. Mtu anayepanda magari ya mizigo mpaka Namanga na kugombana na madalali wa kila kabila, hapa akivuka barabara ananishika mkono wa sweta. Tukifika upande wa pili anauachia haraka na kuanza kunieleza jinsi ya kuvuka barabara.

Kwa kuwa mimi ndiye ninayejua Kihindi kidogo, kazi yote ya kupanga ikawa yangu. Ijumaa tukaenda stesheni kubwa, kwenye ofisi ya tiketi za wageni. Mtu wa dirishani alikuwa mzee mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Alimuuliza kaka anatoka wapi. Kaka akasema kwa Kiingereza chake kwamba yeye ni mwekezaji, kutoka Manyara. Mzee akasema hapajui. Kaka akaeleza kuwa ni mkoa mpya. Mzee bado hapajui. Basi kaka akasema anatoka Kilimanjaro. Nilitazama sakafu.

"Abiria wangapi?" mzee akauliza.

"Wawili," kaka akajibu.

Nilidhani amehesabu vibaya. Nikamuuliza kwa Kiiraqw, "Na mama?"

"Mama atabaki na mama mwenye nyumba."

Mama mwenye nyumba ni mjane wa Kihindi anayekaa ghorofa ya juu. Ni mtu mwema, lakini hajui neno letu hata moja, wala mama hajui lake. Nikamuuliza kaka wataongea kwa lugha gani.

"Kwa ishara. Atapewa chai, atakaa kitandani. Amezoea kukaa."

"Amezoea kwa sababu alikuwa haoni."

"Ni mgonjwa, Basilisa. Unataka nimburute kwenye treni apate vumbi jichoni, halafu Veronika aseme nimemuua mama?"

Ona alivyokutumia. Nikamwambia mimi siendi, nitabaki na mama yangu, na yeye akatalii mwenyewe na ramani yake. Watu wa foleni walikuwa wanatusikiliza bila kuelewa. Mzee wa dirishani alituambia kwa adabu turudi tukishakubaliana.

Sasa nikueleze nilichofanya, kwa sababu sitaki umdharau yeye peke yake. Tulipofika nyumbani nilimwambia sawa, nitakupangia. Nikakaa mezani na kitabu cha treni nikampangia safari ya mtu mmoja, nami nilikuwa naipanga kwa chuki. Treni zenye viti vya mbao. Safari za saa kumi na nne. Stesheni za kubadilishia ambazo hata wenyeji huzikimbia. Niliona raha, dada. Nilimwona akilini amesimama kwenye jukwaa la mji asiojua hata jina lake, na mkono wa kushika haupo. Nilikuwa nacheka peke yangu nikiandika.

Mama alikuwa ameamka. Alikuja akaketi mezani na kikombe chake cha chai. Siku hizi anatembea mwenyewe, na kila kitu anakishika kwanza halafu anakitazama, kama anayehakikisha kuwa ndicho kilekile. Akachukua picha moja ya kaka, ile ya jumba jeupe la Agra, akaisogeza karibu na jicho.

"Hii ni nyumba ya nani?"

Kaka akafurahi kupata mtu wa kumwelezea. "Ni kaburi, mama. Mfalme wa zamani alimjengea mke wake."

"Alimjengea akiwa hai?"

"Hapana, alikuwa ameshakufa."

"Basi hakuiona," mama akasema.

Akairudisha picha mezani. Akaangalia karatasi yangu. Unajua kusoma hajui, lakini aliweka kidole juu, pale nilipoandika jina la msafiri. "Hapa pameandikwa nani?"

"Fausti," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi nabaki kukutunza."

Akaweka kikombe chini. Halafu akaongea taratibu, na nakuandikia kama alivyosema, kwa sababu wewe ndiye mwenye haki ya kuyasikia kuliko sisi.

"Miaka minane nimekuwa mtu wa kuambiwa. Veronika ananiambia mahindi yametoa mbelewele, nakubali. Ananiambia ng'ombe amezaa dume, nakubali. Ananiambia mtoto amefanana na babu yake, nami nakubali. Sikuwa na la kufanya. Sasa mmenifungua jicho, halafu mnataka huyu aende akatazame, wewe ukae unilinde, na akirudi aniambie?"

Hakumtazama Fausti peke yake. Alitutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa jicho lile moja jekundu. Sijawahi kutazamwa hivyo.

Kaka alianza kukusanya picha zake. Mama alipokwenda kuosha kikombe, kaka akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilidhani atachoka."

"Hukudhani chochote," nikamwambia.

Akakubali kwa kichwa. Kisha akaniuliza, "Na wewe, kwenye karatasi yako jina la mama liko wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kumpa. Ni mgonjwa, ana matone ya kuweka, daktari hajasema. Yote yalikuwa maneno yaleyale aliyoyasema yeye dirishani, nami nilikuwa nimemdharau kwa ajili ya hayo. Siku zote hizi nimejiona mimi ndiye mtoto mwema kwa kuwa nampikia uji na kujua jina la dawa. Kumuuliza anataka nini, sikumuuliza hata mara moja. Nilichana ile karatasi.

Jana tulikuwa na siku ya kupimwa, na mama alinituma nimuulize daktari mbele yake. Daktari alicheka, akasema jicho limepona vizuri kuliko alivyotegemea. Aende, ila avae miwani nyeusi, asiiname, asilisugue, matone mara nne kwa siku, na asiende kila mahali kama kijana.

Basi safari imepangwa upya, na aliyeipanga ni mama. Alituketisha akataka aelezwe kila mji. Jaipur kaka alimweleza majumba ya wafalme kwa nusu saa. Mama akasema majumba ya wakubwa yatakuwa yanafanana, tuache. Varanasi nikamweleza kwamba wanachoma wafu wao kando ya mto mbele ya watu wote. Akafikiri, akasema huo ni msiba wa wenyewe, haendi kukodolea macho msiba wa mtu asiyemjua. Himalaya akauliza kama ni mirefu kuliko Hanang. Nikasema ndiyo. Akasema Hanang inamtosha, na hata hiyo bado hajaiona tena.

Agra amekubali. Anasema akaione kwa niaba ya yule mke. Na Amritsar ndiyo aliyoipenda zaidi. Nilimwambia pale kuna hekalu lenye jiko ambalo mtu yeyote akija, wa dini yoyote, anakaa chini anapewa chakula, mchana kutwa, kila siku. Hakuamini. Akaniuliza sufuria zao zina ukubwa gani. Nikasema sijaziona. "Basi twende tukazione," akasema. Na njiani kote ni mashamba ya ngano, makubwa kuliko ya Basotu, na majira haya bado ni ya kijani.

Tunaondoka keshokutwa. Mzee wa dirishani alitukumbuka, akaandika majina matatu bila kuuliza kitu. Kaka alikuwa ameomba kiti cha dirishani kwa ajili ya kamera. Kiti hicho ni cha mama. Kamera nayo ameikabidhi kwangu, kwa sababu amepewa kazi ya matone. Nimemfundisha siku mbili sasa. Tone la kwanza lilimwangukia mama puani, la pili sikioni. Asubuhi ya leo amefaulu, akaja kunitangazia kama aliyemfanyia operesheni yeye mwenyewe. Usidhani nimebadilika kwake, dada. Jana amepaka tena ile dawa ya nywele, na najua akifika Dongobesh ataeleza jinsi alivyotutembeza India nzima. Mwache aeleze. Wewe utakuwa na barua hii.

Nisalimie shemeji, umwambie mguu asiukimbizie ng'ombe. Msalimie shangazi wa Tumati, yule mkubwa, na mwambie blanketi lake mama analo na linamtosha. Msalimie katekista, kwa sala zake za kila Jumapili. Wanao wakumbatie wote, hasa wawili wa mwisho, ambao bibi yao hajawahi kuwaona.

Ni kwa ajili ya hao mama amenikatiza sasa hivi. Amenishika mkono nisifunge barua. Anasema tukifika Maretadu wasimame mlangoni kimya, wala wewe usimwambie nani ni nani. Anataka awatazame mwenyewe, na awaite majina yao.

Mdogo wako unayemlea hata kwa mbali,
Basilisa