Aliyeshika Simu

Jumatatu, 20 Februari

Siku tisa zimebaki. Tarehe mosi Machi mimi, Geum Su-ryeon, naitwa mkuu wa idara ya dharura. Siamini! Profesa Maeng anastaafu, na leo amenikabidhi simu ya magari ya wagonjwa ili niizoee. Kwanza akanipa somo: wakipiga, niseme hakuna nafasi kabla hawajataja umri wa mgonjwa.

"Ukishasikia umri, umekwisha," alisema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mama ameshaagiza keki za mchele za kugawa hospitali nzima. Maboksi sitini! Nikamwomba apunguze. Akaniambia ninyamaze, yeye ndiye aliyemzaa mkuu, si mimi.

Mama Bok, anayepiga deki idarani kwetu, ameniletea kopo la kimchi, kabichi ya kuchachua yenye pilipili, na kuniita Mkuu mbele ya wauguzi. Niliona haya. Nilipenda pia.

Jumanne, 21 Februari

Simu kumi na moja. Nimekubali nane, nimekataa tatu. Mbili hazinisumbui.

Ya tatu ilikuja saa nane mchana. Mwanamume, tumbo gumu kama ubao, presha inashuka. Daktari wetu wa upasuaji ni mmoja tu, naye alikuwa anapasua. Vitanda vimejaa. Nikasema hatuwezi, jaribuni kwingine. Mhudumu wa gari akasema wako karibu kabisa na sisi, kisha akaanza kuniambia kitu kuhusu mke wa mgonjwa. Nikamkatiza. Umri sikuuliza — nimefuzu somo!

Dakika arobaini baadaye daktari wa upasuaji alitoka, akaomba kahawa.

Alhamisi, 23 Februari

Sakafu chafu. Nikauliza Mama Bok yuko wapi. Amefiwa na mumewe. Alifariki jana alfajiri, hospitali ya mji wa jirani, baada ya gari kukataliwa hospitali nne juzi mchana. Tatizo lilikuwa tumbo.

Nikahesabu: Jumanne, saa nane mchana.

Msiba uko hapahapa, kwenye kumbi za mazishi za hospitali, ghorofa ya chini, kwa sababu mkewe ni mfanyakazi wetu. Alipokuwa hai tulimkosesha kitanda. Sasa amepata chumba, maua na picha yenye utepe mweusi.

Nilishuka. Nikasujudu mara mbili mbele ya picha, kama ilivyo desturi. Mama Bok akaniketisha, akanipakulia supu ya nyama kwa mkono wake. Akasogea karibu.

"Mkuu, hata hapa walipiga. Nitafutie aliyeshika simu. Simshtaki. Nataka kujua tu kama aliambiwa kwamba ni mume wangu."

Nikasema nitaulizia. Nitaulizia! Halafu nikamaliza supu yote.

Jumapili, 26 Februari

Nimekwenda kwa Profesa Maeng, nikamweleza. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza, akanimenyea tufaha. Akasema kila aliyewahi kushika simu ile ana Mama Bok wake. Nikimwambia ukweli nitautua mzigo wangu na kumtwisha yeye.

Labda. Au labda ndivyo wakuu wanavyopata usingizi. Mimi siupati.

Jumanne, 28 Februari

Kesho ndiyo siku. Keki zimefika, maboksi yamejaa ofisini mpaka juu ya kiti cha wageni. Mama anapiga simu kila saa kuuliza kama zimebaki laini.

Mama Bok amerudi kazini. Ana utepe mweupe wa msiba nyweleni. Anapiga deki nje ya mlango wangu, nami nimeuacha wazi makusudi. Hajaniuliza tena. Afadhali angeniuliza. Barua nimemwandikia mara tatu, mara tatu nimeichana. Asubuhi niliapa kumwambia kabla ya saa sita. Sasa ni saa sita kasoro dakika kumi na nimekaa naandika. Mwoga mimi!

Simu. Gari la wagonjwa. Nimeiweka spika, naandika humuhumu, ndiyo karatasi iliyo karibu. Mwanamke, kifua, anapumua kwa shida. Kutoka hapa naviona vitanda vyote, hakuna kilicho wazi. Nimesema, "Dharura hapa, Daktari Geum nimeshika simu" — na kule nje deki imesimama.

Mama Bok yuko mlangoni na fagio lake la deki. Anaitazama simu, kisha mimi. Ameshajua. Mhudumu anasubiri jibu.

Nimeuliza umri.