Nyamizi Alizikwa Wapi

Jumanne, 2 Julai 2024

Rozari. Uji wa Mama, dawa yake ya presha. Kisha cherehani. Sketi za shule, zipu mbili zimegoma.

Mchana Damiani kapiga simu kutoka Usoke. Tofali za kaburi la Mama zimefika. Huyu kaka yangu hajui kusema polepole, na Mama alikuwa amekaa hapo hapo kwenye mkeka. Alisikia kila kitu. Akasema, "Mwambie apige ripu na ndani."

Niandike tulivyofika hapa, maana siku hizi nasahau. Mama alifiwa na mama yake akiwa mdogo, hata meno ya utoto hayajang'oka. Ilikuwa Kigwa, baba yake alikuwa kibarua wa reli. Shangazi yake akaja kumchukua, akamlea Usoke, akabatizwa Agata. Baba akaenda kukata mkonge Tanga, hakurudi. Shangazi hakutaka kabisa kuulizwa habari za Kigwa. Basi Mama amebaki na jina tu. Nyamizi.

Mwaka jana daktari alisema moyo wa Mama umechoka. Jioni akatuita mimi na Damiani. Hakusema mengi. "Nikifa nilazeni na mama yangu." Damiani akauliza, na Baba je, aliyelala Urambo? Mama akasema, "Kwa baba yenu nimeshakaa vya kutosha."

Tangu hapo nazunguka. Makaburi ya Wakristo Kigwa, sikumpata. Kitabu cha ubatizo Usoke kinasema mama wa mtoto ni Nyamizi, marehemu. Hakuna zaidi. Kitabu cha mazishi cha miaka ile kimeliwa na mchwa. Mwezi wa nne ndipo Damiani akaona msalaba wa saruji kwenye makaburi ya zamani ya misheni, pale pale Usoke. MARIA NYAMIZI. Mwaka umefutika. Tulipiga magoti. Damiani akasema, mume alikuwa mtu wa reli, angeshindwaje kumpakia kwenye treni akamzike kwao Usoke? Na Mama anakumbuka treni ilipiga honi siku ile. Ikatutosha.

Mama alipoambiwa alilia. Halafu akala ugali wote.

Ijumaa, 5 Julai

Mama hakushuka kitandani. Miguu imevimba. Kasali rozari akiwa amelala, fungu la mwisho kwa ajili ya "Maria wangu wa Usoke". Kila siku hivyo.

Jumapili, 14 Julai

Misa ya kwanza. Paroko wa Usoke amekubali, Mama atapewa nafasi ubavuni mwa Maria. Damiani anafurahi kama mtu aliyepata kiwanja. Na mimi nimefurahi. Ni jambo la ajabu kufurahia kaburi la mzazi wako, lakini ndivyo ilivyo.

Jumatano, 24 Julai

Bi Tatu, jirani yangu wa ukuta mmoja, kaja na kashata za karanga kumjulia hali Mama. Wakakaa wakizungumza. Mimi nilikuwa nashona pindo, nasikiliza nusu nusu. Mama akaanza tena habari ya siku ile ya Kigwa. Amenisimulia mara nyingi. Wanaume walimbeba mama yake juu juu, mbio mbio, kitambaa kimefunika. Yeye akabaki ndani na wanawake, ameshika kanga ya mmoja wao. Treni ikapita. Wanaume wakarudi mikono ina udongo.

Bi Tatu akaacha kutafuna.

"Wanawake wote mlibaki ndani?"

"Wote."

"He! Bibi Agata, nyie Wakristo wanawake mnabaki ndani tangu lini? Si ndio mnaotangulia makaburini na kwaya na vipaza sauti, mpaka maiti anataka kuamka acheze?"

Mama alicheka. Mimi pia. Kisha nikaacha.

Nilimsindikiza Bi Tatu mpaka mlangoni. Pale akashusha sauti. "Vero mdogo wangu, usinichukie. Hayo ni mazishi ya kwetu. Na kama ni ya kwetu, hakupanda treni. Alizikwa siku ile ile, pale pale."

Miezi yote ile niliamini Mama aliachwa ndani kwa sababu ni mtoto. Sikuwahi kuuliza habari za wale wanawake wengine.

Alhamisi, 25 Julai

Nimekata kitambaa cha mteja vibaya. Nimemkasirikia Bi Tatu kutwa nzima. Halafu nimeona aibu. Si yeye aliyezika mtu.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimekwenda Kigwa. Bi Tatu kanisindikiza, kanifunga ushungi, kanikagua kama bibi harusi. Mama nimemwambia nafuata vitambaa. Uongo. Nitaungama.

Pale msikitini maalimu alitusikiliza, akatuelekeza kwa Bi Mwamvua. Ni bibi mkongwe, macho yamefifia, mdomo mzima. Nikamtajia jina. Hakufikiri hata.

"Nyamizi binti Shabani? Yule aliyeolewa na Mkristo wa reli? Shangazi yangu huyo, dada wa baba."

Nilikaa chini bila kukaribishwa.

Akaniambia ukoo wao. Babu yao wa kwanza alikuwa mpagazi, amekwenda pwani na meno ya tembo na kurudi, akarudi amesilimu. Safari ya mwisho mguu ukavimba hapa Kigwa. Msafara ukaondoka, yeye akabaki, akaoa. Ndio sisi, akasema. Kisha akaniuliza, "Na yule mtoto wake? Shangazi wa kule Usoke alikuja alfajiri akamchukua, hata kuaga hakuaga."

Nikasema yu hai. Akanishika mkono, hakuuachia.

Makaburi yao yako nyuma ya mashamba. Tulisimama pembeni. Majani, vilima vidogo, mawe mawili matatu. Majina hakuna. Bi Mwamvua akanyoosha mkono pote. "Yumo humo. Upande gani, Mungu ndiye ajuaye. Waliomzika nao wamezikwa."

Kwa hiyo nimempata, na sijampata. Na hata ningempata. Agata wa rozari hawezi kulazwa pale, wala nisingethubutu kuomba.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimempigia Damiani. Nikamweleza yote.

"Wewe Vero umetafuta makaburi mpaka sasa unaharibu na yaliyopatikana."

Nikamwambia kila kitu tena. Akasema tofali zimeshajengwa, paroko ameshapita, ukoo mzima umeambiwa. Akasema Mama ana raha yake, mwache afe nayo. Atalala, hatajua. "Usimwambie. Nakuomba kama kaka yako."

Hajakosea kabisa. Ndilo linalonisumbua.

Niandike na ukweli wangu, hapa hapana wa kunisoma. Naogopa jumuiya yetu ya kanisa itasema nini. Bibi yao kina Vero kumbe Mwislamu. Miaka hamsini na kitu nimeishi mlango kwa mlango na Bi Tatu na wenzake, tunaazimana mpaka chumvi, na bado nimewaza hivyo. Nimejiona mdogo.

Ijumaa, 9 Agosti

Pumzi imembana Mama asubuhi. Hospitali. Wamemwekea hewa, wamebadilisha dawa, jioni tumerudi. Daktari kasema tumweke karibu. Ninajua maana yake.

Njiani Mama kasema, "Karibu nitamwona Maria wangu." Nilitazama dirishani mpaka Isevya, karibu na nyumbani.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimemwambia.

Nilimaliza kumpaka mafuta miguuni, nikasema yote mfululizo, bila kumtazama. Wanawake kubaki ndani. Binti Shabani. Bi Mwamvua. Makaburi yasiyo na majina. Nikasema na yule wa Usoke simjui ni nani, Mama, tulikosea.

Nje Bi Tatu alikuwa anatwanga. Kisha Mama akasema, "Kwa hiyo nimemsalia mama wa watu." Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanatoka.

Alipofuta uso akasema, "Nipeleke Kigwa."

Nikasema daktari amekataza safari. Akasema daktari hana mama Kigwa.

Jumatano, 14 Agosti

Tumekodi gari la kijana wa jumuiya. Mito miwili, chupa ya uji, dawa, Bi Tatu mbele akimwamrisha dereva apunguze mwendo. Mama hakulalamika hata mara moja.

Bi Mwamvua alikuwa ameshaambiwa, amekaa barazani. Alisikia mlango wa gari, akapaza sauti, "Mwajuma!"

Na Mama akaitika. "Abee!" Upesi, kama mtoto aliyeitwa kutoka jikoni.

Hatukuwa na habari ya jina hilo. Sidhani kama yeye mwenyewe alikuwa nayo. Alishika mlango wa gari, akatutazama kama sisi ndio tumemwita.

Walishikana mikono muda mrefu. Niliogopa vilio vitamdhuru moyo. Lakini wale ni mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, na hao kwetu ni watani. Bi Mwamvua akaanza.

"Umekuja kumrudisha kuku?"

"Kuku gani?"

"Shangazi yako alikubeba wewe kwapa hili na kuku wetu kwapa hili. Wewe tulikusamehe zamani. Kuku bado."

"Kuku mwenyewe alikuwa mgonjwa," Mama akasema. Sijui neno hilo alilitoa wapi.

"Mlimla, hamkumla?"

"Alikuwa mchungu."

"Ndio maana umekonda hivyo! Haramu hainenepeshi."

Watoto wa nyumba ile walicheka mpaka wakakaa chini. Mama alicheka akashika kifua, mimi nikashika dawa.

Jua lilipopungua makali tukampeleka pembeni mwa makaburi, kwenye kiti. Maalimu akasoma Fatiha. Mama akainama, akafanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyemkataza. Akatazama yale majani kwa utulivu, upande mmoja hadi mwingine, kama anayetafuta kiti kanisani. Akauliza mara moja tu, "Hakuna anayejua?" Bi Mwamvua akasema hakuna, ndugu yangu.

Basi turudi, Mama akasema.

Nilimwonea wivu. Mimi sijawahi kuwa na mtu wa kunidai kuku.

Alhamisi, 15 Agosti. Kupalizwa Mbinguni

Damiani kaja kwa sikukuu, kaja pia kugomba. Hakupata nafasi. Mama alimwambia akae, akaongea, akipumzika katikati.

Kwamba Kigwa haiwezekani, ameona mwenyewe. Kwamba hana neno na watu wa kule, wamemtunza mama yake walivyoweza. Ila waliojua mahali pake wameondoka wote, na ndivyo mtu anavyopotea, hata asiibwe. "Na Usoke nako, Damiani, wewe unahama na mashamba ya tumbaku. Leo uko, kesho uko Kaliua. Mimi sitaki kutafutwa. Nizikeni hapa mjini, mahali Vero atafika kwa miguu."

Damiani akasema, "Na mama yako, je? Si ulitaka kulala naye?"

"Nilitaka. Nimekwenda mpaka mlangoni kwake, nimemsalimia. Inatosha."

Kisha Damiani, maskini, "Na tofali?"

"Mmalizie Maria. Umempigia magoti tangu mwezi wa nne, unataka kumwacha vumbini? Na ripu usisahau."

Kaka yangu ana ndevu nyeupe. Alilia palepale kwenye kochi. Nikamletea pilau.

Jioni nikapita ofisi ya parokia kuandikisha nia ya misa. Marehemu Nyamizi. Katibu akauliza ubatizo wake. Nikasema hakubatizwa. Aliniangalia, akaangalia daftari, akaandika Nyamizi. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Nilirudi nyumbani na maneno yangu yote.

Jumatano, 21 Agosti

Bi Mwamvua katuma kuku kwa kijana wa gari. Hai, miguu imefungwa. Ujumbe: huyu ndiye mzima, mwonje tofauti. Mama amekataza asichinjwe.

Jumapili, 1 Septemba

Misa ya kwanza. Mama amesali nyumbani, ameketi mwenyewe kwa mto mmoja. Anasema kidogo siku hizi. Leo hakutaja habari ya kuzikwa, wala jana.

Baada ya misa nimeinjika uji wake, nikamwomba Bi Tatu aangalie moto, nikatoka. Nilitaka kupima njia. Sikuvaa viatu vizuri, nimekwenda na ndala. Nimepita kwa fundi baiskeli, shikamoo, marahaba. Kwa muuza mkaa. Kwa mama wa kwaya aliyetaka kujua naharakia wapi, nikamwambia natembea tu. Kuna kilima kimoja kidogo. Magoti yamekikubali.

Sehemu mpya ya makaburi iko upande wa juu. Udongo mwekundu, bado mtupu. Nimesimama pale kidogo. Nimesema Salamu Maria moja. Sikulia.

Nimerudi. Uji ulikuwa bado wa moto.