Udongo wa Kulia Viazi

Qalani, Jumanne

Mdogo wangu mpenzi Casimira,

Pokea salamu nyingi kutoka huku baridini. Mimi mzima, na mama hajambo, kikohozi kimemwacha. Wewe u hali gani, na mimba yako ya miezi sita inakutendaje? Shemeji Hilarión anaendeleaje na kazi ya kiwandani huko mjini?

Baada ya mavuno alikuja hapa injinia mmoja, Yolanda, binti wa watu mpole sana. Alichota maji ya moto kwenye mabwawa ya kuogea ninayoyalinda, akachota na mashapo ya chini, yale matope meupe, akayatia vichupani. Aliniuliza kama kuna mtu anayeyala. Nikamcheka, nikamwambia mwenzangu wee, sisi udongo wa kuchovyea viazi tunachimba mlimani, si pale watu wanapooshea miguu yao. Akasema afadhali.

Majibu yalikuja wiki tatu zilizopita. Alitukusanya akatueleza kuwa yale maji hupanda na madini kutoka chini ya ardhi, sumu ya aseniki na risasi, kidogo kidogo, na yote hutulia kwenye matope. Kuoga si neno, alisema, ila asithubutu mtu kuyatia mdomoni, hasa mjamzito. Mwenyekiti wetu Fortunato akamtania, akamuuliza ni mwendawazimu gani atakula matope ya bafuni. Watu wakacheka. Nami nikacheka nao.

Casimira, ule mfuko wa udongo niliokupelekea wakati wa Pasaka sikuuchimba mlimani. Nilikuwa na magoti yananiuma, nikaona uvivu kupanda, nikachota ukingoni mwa bwawa, nikaanika juani, kisha nikakwambia nimeutoa kwenye shimo alilokuwa akichimba marehemu bibi. Ukanijibu kwamba hujawahi kula mtamu hivyo, na sasa unaulamba hata bila viazi. Nikafurahi kusifiwa.

Tangu majibu yatoke nimekuandikia mara mbili, nikakujazia kurasa na habari za harusi ya jirani. Naona aibu, mdogo wangu, hata kumtazama mama siwezi. Niliogopa zaidi kwamba utanijua mwongo kuliko nilivyomwogopea mtoto wako. Umwage udongo huo leo hii. Nenda hospitali, waambie ni aseniki, na waambie aliyekulisha ni dada yako.

Msalimie shemeji, wala usimfiche. Mama anakusalimu. Bado hajui, nikishaifunga barua hii naenda kumwambia.

Ni mimi dada yako, kama bado utakubali kuniita hivyo,
Eulogia