Mstari wa Tisa

4 Machi

Shikamoo baba,

Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Na goti lako je? Nimeona tangazo la idara ya utamaduni na utalii ya jiji lenu: vikundi vya sanaa vitapewa kumbi za mazoezi bure kwa miaka mitano. Hilo ghala mnalopigia tarumbeta ni mali ya jiji, na mmeshaambiwa mtatolewa. Ombeni hilohilo. Wanachama wawe watano au zaidi. Nitumie daftari la mahudhurio niwajazie fomu huku ofisini, mkuu wangu akisinzia.

Msalimie Kinyozi na ngoma yake kubwa.

Binti yako

16 Machi

Marahaba mwanangu,

Goti linalalamika kama mama mkwe, ila linatembea. Daftari hilo hapo. Tuko tisa na wote wapo. Kinyozi nimemfikishia salamu. Tukinyang'anywa ghala bendi imekwisha, maana tarumbeta huwezi kupigia chumbani, wapangaji watakuitia polisi. Kwa hiyo jaza vizuri, usiruke mtu.

Baba yako

21 Aprili

Shikamoo baba,

Natumaini hujambo, ingawa najua hujalala vizuri tangu ofisa wa jiji aje. Barua yake imenifikia. Anasema uliita majina tisa, watu watano wakaitikia kwa ajili ya tisa. Ameandika "wanachama hewa". Kumbe Kinyozi alishafariki, na miaka miwili hii yote wewe unapokea salamu zake. Umeniumiza, baba.

Lakini na mimi nina kosa. Mstari wa tisa niliuona. Kaka tulimzika pamoja, ningeweza kumruka. Nikaandika "mpiga matoazi, miaka ishirini na sita", fomu ikakubali, nikafurahi kama mjinga.

Hawajatukataa. Wanataka daftari lenyewe, marehemu wote wanne wakatwe kwa rula, utie sahihi pembeni, liwafikie kabla ya Ijumaa, 22 Mei. Wasipolipata, ghala wanapewa wengine. Nakurudishia. Ni mistari minne tu, baba.

Binti yako

9 Mei

Marahaba mwanangu,

Huku wazima, tumechoka tu. Kuhusu Kinyozi nisamehe. Ningekuandikia kwamba amekufa, jioni yake ningemwitaje? Unajua tulivyozoea tangu bendi ianze: aliyetangulia anaitwa, na wa kiti cha jirani anamwitikia "yupo". Nilimweleza ofisa. Mama mpole, alinisikiliza hadi mwisho, akasema kompyuta yao haina sehemu ya kuandika jambo hilo.

Nimekata watatu. Kinyozi nimemkata nikiwa nimefumba macho, utaona rula ilivyoteleza. Kwa kaka yako nimekaa siku mbili. Yeye namwitikia mimi mwenyewe, kila zoezi, mwaka wa sita huu. Wenzangu wanne wananiambia nikate, na wana haki, ghala ni lao pia. Nimeshindwa. Sahihi yangu nimeshatia. Kata wewe, kisha ulitume idarani moja kwa moja. Usinirudishie.

Baba yako

27 Mei

Shikamoo baba,

Leo sikuulizi goti, naogopa jibu. Daftari lilinifikia tarehe 14. Siku nane nilikuwa nazo, na posta iko ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi niliweka rula juu ya jina lake, nikaiondoa, nikaenda kuchapa barua za watu. Mwenzangu wa meza ya pili alitaka kunisaidia akate yeye. Nikamnyang'anya kalamu, na hadi leo hatusemeshani.

Ijumaa ikapita. Jumatatu nilimpigia simu yule mama. Ghala wamepewa wachoraji wanaouza picha kwa watalii, na kufuli inabadilishwa mwisho wa mwezi. Alinipa pole, na nadhani alikuwa na huruma kweli.

Waombe radhi wenzako wanne kwa niaba yangu. Mimi sina uso wa kuwaandikia. Daftari nakurudishia kama nilivyolipokea, mstari wa tisa haujaguswa.

Ila sijui mtamwitia wapi.

Binti yako